Eti Mimi Fundi Wake

Abdiel rafiki yangu, uko wapi? Eliécer alikuwa anauza mashua ya baba! Kaka yangu wa tumbo moja!

Tangu asubuhi nimeinama nikitoboa ukingo na kufunga vishikio vya fimbo za kuvulia. Yeye mwenyewe aliniomba: "Mdogo wangu, funga vinne, Jumapili tukakokote chambo nyuma ya mashua mimi na wewe, tutafute samaki dorado kama enzi za mzee." Nikavilaza kuelekea nje ili mishipi isisokotane. Nilikuwa naimba, Abdiel. Naimba!

Mara akaja na bwana mmoja kutoka Chitré, kumbe mnunuzi, kalamu tayari mkononi. Bwana akakivuta kishikio kimoja kwa nguvu, hakikutikisika. Akasema, "Fundi wako anaijua kazi."

Nikangoja Eliécer acheke, aseme huyu ni mdogo wangu.

Akasema, "Ndiyo, fundi wangu huyu. Simpi mwingine kazi."

Fundi wangu! Hata jicho hakupepesa!

Nikaweka bisibisi chini. Nikamwambia yule bwana, "Mimi si fundi. Baba alituachia mashua hii sisi wawili, na mimi siuzi."

Bwana akamtazama Eliécer, akarudisha kalamu mfukoni, akaenda zake.

Unajua kaka alisema nini? "Umeniaibisha mbele ya mgeni." Eti mimi ndiye niliyemwaibisha yeye!

Kaondoka. Nimekaa ndani ya mashua. Mama anapiga simu, sipokei. Akiniuliza kaka yako yuko wapi, nimjibu nini?