Sauti ya Jikoni Kwenye Santuri

Jumamosi, baada ya alasiri. Joto la kuanikia papa, upepo hakuna, na kichwa changu kimejaa mambo nisiyoweza kuyapanga.

Sijui nianzie wapi. Nianze na boksi.

Lilifika Jumatano. Mchukuzi wa gatini alilileta kichwani akaniuliza sinia hili ni la harusi ya nani. Ndani mlikuwa na santuri moja nyeusi isiyo na picha, pamoja na karatasi ya maelezo yatakayochapwa kwenye jalada. Hiyo ni santuri ya majaribio. Kampuni moja ndogo ya ng'ambo inataka kuitoa upya albamu yetu ya kwanza, ambayo ndiyo pia ya mwisho, na kabla ya kuchapa nyingine wanataka kila aliyepiga humo asikilize na aseme ndiyo. Mwisho wa kujibu ni kesho.

Mnaosoma hapa mmezoea nikiwaandikia habari za mbao, patasi na milango. Sijawahi kuwaambia kwamba nilipokuwa chuoni Nairobi nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya metali. Si metali ya kupiga kelele tu. Ni ile wanayoiita progresivu, wimbo dakika kumi na mbili, mapigo yanabadilika kila ukidhani umeyashika. Wakati ule hakuna aliyekuwa akiipiga huku kwetu. Tulirekodi nyimbo sita, tukachoma CD wenyewe, tukaziuza mkononi, kisha kila mtu akashika njia yake. Mimi nilirudi kwetu kisiwani Amu nikaingia karakana ya marehemu baba. Siku hizi naitwa Fundi Athmani, na kwenye maulidi napiga twari kama mtu asiyejua ngoma nyingine.

Sasa Mutua, aliyekuwa mpiga gitaa wetu, ananiambia kuna watu huko duniani wanatuita waasisi. Neno hilo nimelizungusha mdomoni siku tatu na bado halinikai.

Lakini si hilo linalonichanganya.

Kwenye wimbo wa tano kuna sauti ya mwanamke. Anaimba peke yake, nyuma yake mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi, kisha magitaa yanaingia na kumzunguka. Kila anayeipenda albamu ile huutaja wimbo huo. Na kwenye karatasi ya jalada wameandika kama nilivyowaambia wenzangu zamani: sauti ya mwanamke asiyejulikana, kutoka kaseti kuukuu ya sokoni.

Hapakuwa na kaseti ya sokoni. Yule ni mama yangu.

Nilikuwa nimerudi likizo. Mama alidhani nimetoka. Alikuwa jikoni, kule juu darini, anakuna nazi na kuimba. Mama alikuwa somo, yule mwanamke anayekaa na bi harusi chumbani na kumfunda, na nyimbo alizoimba humo ni za ndani. Mwanamume hazisikii. Hata baba hakuzisikia. Mimi niliketi kwenye ngazi na kinasa sauti changu cha chuo, nikabonyeza.

Kilichonishika kwanza ni mkono wake. Alikuwa akikuna kwa mapigo saba, halafu anapumua, halafu saba tena. Wimbo wote wa tano umejengwa juu ya mkono ule. Tukiitwa waasisi, basi mwasisi alikuwa ameketi juu ya mbuzi na kifuu mkononi.

Nilipowapelekea wenzangu kaseti hiyo nikasema ni mwanamke asiyejulikana. Nilijiambia kwamba nimemstiri. Sijui kama nilimstiri yeye au nilijificha mimi.

Mama amefariki miaka sita sasa. Aliondoka ghafla, bila kuugua. Nyumbani hakuna mkanda wala simu yenye sauti yake. Iliyopo ni hiyo tu, katikati ya magitaa, na kaseti niliyoinasia, ambayo ilibaki kwa Mutua.

Juzi nilimwambia dada yangu Fatma. Ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyeshika nafasi ya mama. Mabibi harusi wa mtaa huu sasa hufundwa naye. Nilidhani atanipasua. Alisema tu: "Nataka kusikia."

Mashine ya santuri hapa mjini sijui nani anayo. Ninayoijua iko Shela, kwenye nyumba ya wageni niliyoichongea milango. Meneja wake, Bi Nyambura, mtu wa bara mpole sana, ameiweka sebuleni kama pambo lakini inafanya kazi. Leo asubuhi tukapanda boti, Fatma na buibui lake na mimi na boksi langu magotini.

Bi Nyambura alituwekea tangu mwanzo. Fatma alikaa wima kwenye kochi la wageni, mkoba mapajani, akisikiliza kama aliyekwenda kuamua kesi.

"Hawa wana ghadhabu ya nini?" akauliza wimbo wa kwanza ulipofika katikati.

Nikainama kulifunga boksi.

"Na huyo apigaye kama afukuza kunguru ni nani?"

"Ni mimi, dada."

Alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Bi Nyambura aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Tukafika wa tano. Ukaja mkwaruzo. Niliona mkono wa Fatma unakaza juu ya mkoba kabla mama hajafungua kinywa. Aliijua mbuzi ile. Kisha sauti ikaja, safi kuliko nilivyoikumbuka, na dada yangu akajifunika uso kwa mtandio.

Nilitegemea machozi, na machozi yalikuwapo. Nilitegemea hasira, nayo ilikuja. Aliokota ile karatasi ya jalada, akaisoma, akaibwaga kochini. "Asoyulikana nani? Mama hayulikani? Nti nzima hii, nani asomyua mama?" Kisha akashusha sauti. "Na huu ni wimbo wa ndani, Athmani. Umeutoa nde. Wanaume wameusikia. Wazungu wameusikia."

Nikasema ndiyo.

Nisichotegemea ni kilichofuata. Mama alifika ubeti wa tatu, na Fatma akainua mkono kama anayemsimamisha mtu njiani. Alimwomba Bi Nyambura arudishe sindano. Akarudisha. Akarudisha tena. Midomo ya Fatma ilikuwa inamfuata mama, inakwama, inamfuata.

"Ubeti huu sina," akasema. "Mama hakuwahi kunifunza. Miaka sita nawaimbia beti mbili na kuwaambia wimbo umekwisha."

Nilifurahi. Ninakiri hapa, nilifurahi kama mtoto, nikafungua mdomo kusema ona basi, ilikuwa kheri. Hakunipa nafasi.

"Athmani," akasema. "Toka nde."

Nilitoka. Nilisimama kwenye varanda, mbele ya mlango nilioutengeneza kwa mikono yangu, huku ndani dada yangu na Bi Nyambura wakisikiliza wimbo ambao mimi nimeupigia ngoma mara zisizo na idadi. Niliona haya, na niliona kwamba ni haki. Vyote viwili kwa pamoja. Sijui moyo mmoja unavibebaje.

Tulikuwa kwenye boti ya kurudi, tunaukaribia mji. "Wape ngoma zako," akasema bila kunitazama. "Mama mrejeshe nyumbani."

Nimempelekea Mutua ujumbe kwamba ile sauti iondolewe wimboni. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nusu anacheka. "Buda, hiyo sauti ndiyo roho ya album. Watu wamengoja hiyo ngoma miaka. Tukiitoa tunabaki na nini? Si ulisema ni tape ya soko?"

Nimemwandikia maneno mawili: Ni mamangu.

Jibu lilikuja adhana ya alasiri ilipokwisha: "Tutaiondoa. Pole sana, bro. Na mkwaruzo?"

Kwenye kaseti ile niliyonasa ngazini, kabla mama hajaanza kuimba, kuna dakika nzima ya kukuna tu, na kaseti hiyo anayo Mutua. Nimemwambia aitumie hiyo. Mkono wa mama ubaki, sauti yake irudi. Na pale palipoandikwa asiyejulikana, wafute.

Nilipokwisha kusema hivyo nilidhani nitatulia. Sijatulia. CD za zamani bado ziko kwa watu, nami sina la kuzifanya. Wimbo uliotuletea jina utatoka na shimo katikati, na atakayeulizwa kwa nini ni mimi. Na ipo sehemu ndani yangu, ndogo na yenye kiburi, inayotaka dunia nzima imsikie mama yangu akiimba. Siipendi sehemu hiyo, lakini ipo.

Ninaandika haya nimeketi kwenye ngazi, ile ile, kwa sababu ndipo penye ubaridi. Juu Fatma anakuna nazi ya chakula cha jioni. Nimemsikia akianza kuimba, taratibu, anajaribu. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Akanyamaza kidogo, nami nikajua unaokuja ni upi.

Nimesimama, nikashuka, nikaufunga mlango wa ngazi nyuma yangu.

Hivi ndivyo nilivyopaswa kufanya siku ile na kinasa sauti changu. Lakini kama ningefanya hivyo siku ile, Fatma angekuwa anaimba nini sasa?