Kufuli la Pampu

Hai Malakal, Juba
3 Februari 2024

Mdogo wangu Mayen,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Binti yangu Adeng alikuwa na homa, sasa anakula. Kifua chako kinaendeleaje huko Nakuru?

Mzee Ngor, mwenye ufunguo wa pampu yetu na anayepanga mitungi yetu kwa zamu, bado anachota mitungi miwili kabla ya kila mtu. Vijana wamechoka. Barua uliyowaandikia waliisoma wakapiga makofi. Nakuomba uwaandikie tena, wangoje. Ngor ni mwizi, najua. Lakini mwaka jana wanaume wawili walipotoleana mapanga pale, alikaa katikati yao akavuta kiko mpaka wakaona aibu. Akiondoka, nani atakaa pale?

Dada yako,
Awien

Nakuru
12 Februari 2024

Dada mpendwa,

Nimefurahi Adeng amepona. Kifua kinanisumbua asubuhi tu.

Unamtetea mwizi kwa sababu umemzoea. Tukingoja, tutangoja mpaka tufe. Nimewaambia vijana wavunje kufuli na waondoe ile foleni ya mitungi. Mwenye kiu achote. Mwambie Adeng viatu vyake vyeupe nimeshanunua.

Ndugu yako,
Mayen

Hai Malakal
9 Machi 2024

Mayen,

Natumaini u mzima.

Walivunja kufuli Jumatatu, wakaipiga mitungi mateke, wakaimba. Ngor walimpiga kwa bomba la chuma wakamvunja mkono. Siku tatu tulichota tukicheka, hata mimi. Ya nne maji yalipungua, na hakuna aliyejua nani alitangulia. Vijana wale wale wakakatana mapanga. Adeng aliinama kuokota mtungi wetu, ule niliofunga uzi mwekundu ili aujue alipokuwa mdogo. Lile panga halikumlenga yeye. Lilimpata shingoni. Watu waliendelea kuchota, damu yake ikipita miguuni mwao.

Viatu usilete.

Dada yako

Hai Malakal
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Barua yangu ya Machi hujaijibu, wala iliyofuata. Millicent anayezileta kwa basi anasema uliipokea ya kwanza ukakaa chini. Kifua je?

Siandiki kukulaumu. Ulitaka haki, nami niliitaka. Ila tulivunja kitu kabla ya kujua kilikuwa kinazuia nini.

Ngor amerudi, mkono umefungwa kitambaa. Mitungi imepangwa tena. Ule wa uzi mwekundu anausogeza mwenyewe kwa mguu, hata nikichelewa. Leo alichota miwili yake kabla ya kila mtu. Mkono mmoja haukutosha, nikambebea wa pili mpaka kwake.

Mgongo unaniuma, Mayen. Njoo umbebee wewe.

Dada yako,
mama Adeng