Nihal Hasafiri Ijumaa

Mtaa wa Chemchem,
Tabora.
18 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu na mume wangu Hamoudi,

Assalaam alaykum. Kwanza nikugombeze, salamu nyingine zitafuata. Mume gani wewe? Miaka saba hujakanyaga kizingiti changu! Ulioa, mke mwenzangu nikamwona kwenye picha. Ukazaa, mtoto nikamwona kwenye picha. Jino lake la kwanza, picha. Mimi sikuolewa na picha. Huko Maskati wamekupaka gundi miguuni?

Haya, u mzima? Ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepoa? Mke mwenzangu Ruaa hajambo na tumbo lake? Na Humaidi mdogo, anakula? Shikamoo zako zote za kwenye simu nimezipokea, marahaba. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Kipupwe cha mwaka huu kina meno, na goti langu la kushoto linagoma asubuhi, lakini likishapata jua linanitii.

Mjomba wako Yahaya ameleta asali kutoka Usinge, dumu zima. Nimekufungia chupa mbili na michembe kidogo, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Anavyo mwenzako wa kazini Adinani.

Na barua hii anayo Adinani. Najua utakwenda uwanja wa ndege ukitazamia kumpokea yeye na mkewe pamoja na dada yako Nihal. Watatoka wawili. Usimuulize Adinani kulikoni, hana kosa. Nihal hasafiri Ijumaa. Nimemzuia mimi. Yeye mwenyewe hataki kuja, ila anakuogopa. Mimi sikuogopi, nilikuogesha. Pasipoti yake imo kashani, ufunguo wa kasha nimeufunga kwenye pindo la kanga, na kanga nimeivaa.

Ningekupigia simu, lakini kila nikifika kwenye jambo lenyewe unasema, "Bibi, mtandao unakatika." Mbona haukatiki nikikusifia? Barua huwezi kuikatia. Anayeandika ni jirani yetu Mzee Kasimiri, aliyekuwa karani wa reli, maana Nihal ningempa kalamu angeyatia maneno yangu sukari. Huyu naye anajifanya kuniongoza. Hapo juu alitaka kuandika "naomba radhi". Nimemwambia, "Kasimiri, andika ninachosema, si unachojua." Amecheka, na ameandika.

Sasa sikiliza tangu mwanzo. Mwezi uliopita Sikuzani, yule fundi cherehani wa nyuma yetu, alikuja mbio na karatasi. Likizo hii ya Juni, kwenye godauni la zamani karibu na stesheni, kutakuwa na mafunzo ya kuchora, kupiga picha za video na kutunga michezo ya redio. Ni ya vijana wa mitaa ya mjini "ambayo sauti zake hazisikiki". Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Chemchem haisikiki? Hapa mtu akipiga chafya, Isevya wanaitikia.

Sikuzani akasema, "Bi Zeyana, mpeleke Nihal. Tangu matokeo ya kidato cha nne yamkatae amekaa tu. Na mafunzo yenyewe ni ya bure."

Nikamwambia, "Wamesema wenyewe ni ya bure, sasa nimpeleke ya nini?"

"Bure ya kutolipa, mama!"

"Bure ni bure. Kama bure ziko mbili, wangeandika ni ipi."

Akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nikajiona nimeshinda. Mafunzo yakaanza Jumatatu ya wiki iliyopita, na siku tatu nzima Nihal alishinda uani akichambua mchele uliokwisha chambuliwa. Nilijua, nikajifanya sijui.

Jumatano ukapiga simu wewe. Ukasema tiketi imepatikana, aje na Adinani amsaidie Ruaa na mtoto. Nikakutajia yale mafunzo, tena kwa kukupima tu, nawe ukasema, "Kazi bure hiyo, Bibi." Hamoudi, neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitembeza mtaa mzima. Lakini lilipotoka kinywani mwako lilinichoma.

Maana niliwahi kulisikia kabla hujazaliwa wewe, na kabla ya baba yako, Mungu amrehemu. Nilikuwa na miaka minane. Kaka zangu wawili walikuwa wanashonewa nguo za shule. Nikamuuliza baba, na mimi? Akasema, "Kumsomesha msichana ni kazi bure." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakula, na akaendelea kula. Ndiyo sababu leo nasema nawe kwa mkono wa Kasimiri. Kumbe na mimi, na uzee wangu huu, nilikuwa nimelichukua neno lile lile namgawia mjukuu wangu.

Alhamisi asubuhi nikamwambia Nihal, "Vaa viatu."

"Twende wapi, Bibi?"

"Kwenye bure."

Hata chai hakumaliza.

Jumatatu hii nikapanda bajaji kwenda kuona mwenyewe. Anayekupa kitu bila kuchukua kitu, mimi humtazama mikono. Mwalimu wao anaitwa Advera, mtu wa Bukoba, mrefu, anaongea taratibu. Nikamuuliza hapo hapo mlangoni, "Mwanangu, faida yako nini?" Akasema, "Bibi, habari za mji huu zimeandikwa na wageni miaka na miaka. Nataka waseme wenyewe." Upande wa babu yako walikuja hapa na misafara wakiuza, upande wangu walikuja wakibeba. Nani aliwahi kuja Chemchem kutuuliza nani alichoka zaidi?

Amewatembeza vijana wake ile njia ya zamani ya misafara kwa miguu, kila mmoja achore anachokikuta leo. Mmoja amechora fundi baiskeli, mwingine mama wa maandazi amelala kwenye kiti. Si makasri, si wafalme. Watu.

Nihal yeye amechora Idi yetu ya juzi. Mkeka, sinia la pilau, shangazi yako Shamila anapakua, na mimi mdomo wazi kama behewa linalopakiwa mizigo. Nikang'aka, "Hivi ndivyo nilivyo?" Vijana wote wakaitikia, "Ndivyo, Bibi!" Hawana adabu hata kidogo, nimewapenda.

Halafu nikaona mahali pako. Kati yangu na birika kuna simu imeegemezwa kwenye jagi, na mbele ya simu kuna sahani. Sahani imejaa. Nikamuuliza Nihal kwa nini amefanya hivyo. Akasema, "Nimechora tulivyokaa." Basi. Mimi herufi sizijui, mjukuu wangu, lakini ile niliisoma mpaka mwisho.

Advera ameniambia watakaomaliza mafunzo haya wataendelea miezi sita mingine, nayo ya bure, ile bure ya Sikuzani. Anayeondoka katikati nafasi yake anapewa mwingine siku hiyo hiyo, maana nje kuna vijana arobaini wanasubiri, wa Ng'ambo, wa Kanyenye. Nihal akipanda ndege Ijumaa, kiti chake kimekaliwa kabla ya Jumatatu. Hicho ndicho ninachokilinda, na sitabanduka hapo.

Usije ukasema sina huruma na Ruaa. Mimba ya pili na mtoto mgongoni si mchezo, nimezaa saba, najua. Shamila amesema atakuja yeye akishavuna karanga zake. Ni mjane, miguu inamwasha, na kulea anajua kuliko Nihal ambaye hata uji unamuungulia. Mtumie yeye karatasi za safari.

Nihal ana miaka kumi na minane. Akimaliza ataamua mwenyewe. Akitaka kuja huko, nitafungua kasha nimpe pasipoti kwa mkono wangu. Akikataa, mimi sitamsukuma na wewe hutamvuta. Utakasirika, najua. Kasirika siku mbili, ya tatu kunywa asali.

Yahaya anakusalimu, anauliza kama huko kuna nyuki. Shamila anakusalimu. Sikuzani anakusalimu, na ananicheka bado. Nihal hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nimezikisia: ni nyingi. Mbusu Humaidi, na mke mwenzangu mwambie alale mchana.

Mwenyezi Mungu akukinge na jua la huko, akupe riziki ya halali, na akupe watoto watakaokujibu kama unavyonijibu mimi, upate kuonja.

Ni mimi bibi yako na mke wako mkubwa, nikupendaye hata ukinuna,

Zeyana
(dole gumba hilo ni langu)

Kasimiri alikwisha kunja karatasi, nimemwambia aikunjue. Vijana wataonesha kazi zao Jumamosi tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi. Likizo unayo, Adinani amekuchongea kwangu. Ukishuka kwenye treni usije Chemchem, nyumba tutakuwa tumeifunga. Nenda moja kwa moja godauni na mizigo yako, wala usinitafute mimi kwanza. Mtafute Nihal, mwambie akuoneshe kazi yake, na unyamaze mpaka amalize.