Jina Nililoapa Kutolitamka

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji. Natumaini mgongo umepoa na binti yetu anaendelea vizuri na masomo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo sina. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu umeifungia namba yangu, na shemeji ameapa nisikanyage hapo kwenu. Siwalaumu. Ila yale matusi ya Jumatatu sikuyaandika mimi. Kuna mtu ameingia kwenye akaunti zangu zote, anaongea kwa jina langu, na mimi niko nje kama mpangaji aliyefukuzwa.

Fundi simu wa jirani na saluni alinieleza ilivyokuwa. Lile duka la mtandaoni ninakoagiza rangi za nywele liliibiwa maneno ya siri ya wateja. Mwizi akajaribu langu kwenye barua pepe, likakubali. Akajaribu kwenye akaunti ya picha, likakubali. Fundi akashika kichwa. Alisema mwaka jana aliniambia niweke maneno marefu, kila akaunti na lake, lisiwe na jina wala tarehe ya mtu. Kweli aliniambia. Nilimcheka, nikamjibu kwamba mimi ni msusi, siyo benki.

Dada, jikaze. Kwenye barua pepe kulikuwa na maandishi yetu yote ya mwaka ule, pamoja na picha ya hospitali, nimempakata mtoto, utepe wa wodi bado uko mkononi mwake. Na sasa binti yetu anaongea na mwizi huyo kila siku akidhani ni mama yake mdogo. Nilimwonya kwa akaunti ya mwenzangu wa saluni, akanijibu kwamba mama mdogo ameshamtahadharisha kuhusu matapeli. Jana niliona huyo mtu amemwandikia chini ya picha yake kwamba Jumapili atamwonyesha picha moja ya zamani.

Kuna jambo sikumwambia fundi. Ulipomchukua mtoto uliniomba nisilitamke tena jina nililomwita zile siku tatu, nikaapa. Sikulitamka, Dada. Nililiandika. Tone, na tarehe aliyozaliwa. Ndilo lilikuwa neno langu la siri kila mahali, miaka kumi na minne. Nilijua ni jepesi. Lakini kila asubuhi nikifungua akaunti ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kumwita mwanangu. Ningelibadilishaje?

Dereva wa basi ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi kesho, Ijumaa. Ukimaliza kuisoma, mkalishe binti umwambie wewe mwenyewe, kwa sauti aliyoizoea. Nakupigia magoti. Mimi utanichukia baadaye, muda upo.

Fundi amenifungulia akaunti mpya. Neno lake ni refu, halina mtu ndani. Nimelikosea mara sita leo. Vidole vinaanza vyenyewe na herufi ile ile.

Nisalimie shemeji, hata kama hataki. Na binti, akishajua, mwambie aniite vyovyote atakavyoweza.

Ni mimi kweli,
mdogo wako.