Daktari Anayeogopa Alhamisi Bila Drafti

Uingereza, Oktoba 1878

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na jina langu usilichapishe, maana jimbo zima linanijadili tayari. Mimi ni daktari mkuu wa hospitali ya vichaa, mwaka wa ishirini na saba huu, nyumba yangu imo ndani ya ukuta wao, mke sina, mtoto sina, kifua kimechoka nikaomba kustaafu, na wanaoamua kama nitapewa pensheni ni mahakimu wa jimbo, basi kila wiki gazetini ni matusi, na Bwana Thurlby mwenye mashamba alisimama kikaoni akasema, "Huyo kala kondoo wetu bure miaka yote, makaa bure, leo tumlipie na usingizi?" Watu wakacheka, nami nimekaa pale pale.

Kisha ikatoka gazetini barua ya kunitetea, sahihi yake "Mlipa Kodi", ina hoja na sheria hata mahakimu watatu wakageukia upande wangu, na kura ni Jumanne. Mshauri, aliyeiandika ni Josiah Pell, mgonjwa wangu, zamani karani wa mwanasheria, aliyeletwa miaka tisa iliyopita akizungumza na ukuta. Nilipomuuliza hakukana, alicheka tu, "Daktari, acha kununa bwana, sogeza kete yako." Maana kila Alhamisi tunacheza drafti, ananifunga, ananitania, na ni yeye peke yake duniani anayeniuliza nimeamkaje. Ikijulikana ni yeye, watauliza mwenye akili hizo anafanya nini humu, na pensheni itaota mbawa. Ninyamaze?

Mpweke wa Ndani ya Ukuta

*

Mpweke, pole sana. Kuchekwa mbele ya watu kwa nyama uliyokula si jambo dogo, na aliyetumikia miaka ishirini na saba anastahili uzee wa heshima. Hapo niko nawe.

Lakini usinizunguke. Unaogopa watauliza Pell anafanya nini humo. Haya, nakuuliza mimi: anafanya nini humo? Barua yako ni ndefu, na hakuna mahali uliposema bado anaumwa. Amepona lini, mwaka jana? Mwaka juzi? Ulijua, baba, ukaacha kalamu ikauke kwa ajili ya Alhamisi yako. Upweke naujua, unauma kweli. Ila dawa yake si kumfungia mwenzio mlango.

Andika hati ya kumtoa leo. Najua hati hiyo hupita mikononi mwa mahakimu wale wale, na najua Thurlby ataishangilia, apate la kukunyima pensheni. Ipeleke kabla ya Jumanne hivyo hivyo. Habari ya barua mwachie mwenyewe, ataisema akitaka.

Akishavaa koti lake na kufika nje ya geti, muulize mara moja tu kama atakuja Alhamisi. Akija, mpikie chai. Akikataa, usiandike kwamba ameugua tena.