Ketsia, mashini yako haijakufa

Ketsia mwanangu,

Ku soko wanasema kuna watu wanasimama nyuma ya lupango, ile uzio ya nyumba, wanaingia mu laptop za wengine kupitia Wi-Fi. Sikulala. Njo maana jana nilimuomba jirani Arlette abadilishe neno ya siri ya Wi-Fi yetu.

Asubuhi ulifungua laptop yako, ukapiga meza: "Mashini imekufa!" Nikataka kukuelezea. Ukasema, "Mama, achana, hauelewe." Ukatoka bila chai.

Mashini inashika bado neno ya zamani. Uiambie isahau Wi-Fi ya kwetu, uichague tena, uandike neno mpya. Siandike hapa. Ni jina ya mbwa yetu tuliacha kule Djugu siku ya kukimbia vita, ile ulililia njia yote.

Baba ataita kwa video ku mashini yako saa ya magaribi, toka Mahagi-Port. Miye niko ku matanga kwa mama Bénédicte. ~~Umuambie angojee nirudi, na miye nione sura yake.~~ Muongee tu.

Chai iko mu termosi.

Usiseme ile neno kwa sauti.
Usizime kisanduku ya Wi-Fi.
Usifungulie mutu usiyemujua.
Na usimuambie baba kwamba kila asubuhi, nikifungua mulango, ningali naita ile mbwa.

Mama yako