Dole Gumba la Papa

Kalemie, 3 Juni 2024

Papa mpenzi,

Leo nitakueleza yote, hata la aibu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi ni wazima. Simu yako haipatikani tangu Pasaka, kwa hiyo barua hii nampa Kapiteni Delphin, boti yake inakuja Kigoma.

Mitihani ikiisha nataka kuvuka nikuone. Nimekwenda mwenyewe biro ya uhamiaji. Wanataka karatasi ya njia ya kuvukia mpaka, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ninayo; sindano ilinitoa machozi mbele ya watu, hilo ndilo la aibu. Wanataka pia mtu mzima wa kunisindikiza, na shangazi Chantal amekubali. Kwa kuwa sijafika miaka kumi na minane, lazima utie dole gumba kwenye fomu hii.

Nitakuletea kikapu cha samaki, mikebuka mikavu.

Mama yako,
Bibiane


Kigoma, 17 Juni

Bibiane,

Salamu. Papa yako ana kazi nyingi, barua nimeisoma mimi mke wake. Umekuwa mama yake tangu lini? Nyumba hii ina mama mmoja, naye si mtoto wa shule.

Usije. Unafikiri Kigoma ni kama kuvuka daraja la Lukuga? Watakurudisha kwa boti ileile. Franka zenu hapa hazinunui hata chumvi. Chumba hakuna. Na samaki wako usilete, hapa hakuna anayewala.

Fomu ililowa, nimeitupa.

Mama Martine


Kalemie, 24 Juni

Mama Martine,

Jambo, Mama. Natumaini nyumbani ni salama. Fomu nyingine hii hapa, nimeifunga kwenye plastiki. Tutalala parokiani, chumba chako hatukihitaji. Naomba dole la Papa tu.

Binti yako,
Bibiane


Kigoma, 8 Julai

Bibiane mwanangu,

Ni mimi Papa yako. Mgongo umepona. Sitaki uje, na dole sitatia. Mheshimu Mama Martine. Usimtume tena Delphin.

Papa yako,
Félicien


Kalemie, 15 Julai

Mama Martine,

Jambo, Mama. Nakujibu wewe, kwa sababu barua ile ni yako.

Papa hajawahi kuniita Bibiane. Nilizaliwa wiki aliyozikwa mama yake, nikapewa jina lake, na tangu hapo ananiita Mama. Hata akikasirika: “Mama, leo nitakuchapa!” Neno hilo nililiandika mwisho wa barua yangu, ukaliona. Ulishindwa tu kuliandika kwa mkono wako.

Shangazi Chantal anasema, “Achana na mwanamke huyo, atakutukana mpaka uote mvi.” Lakini nimeisoma tena barua yako ya kwanza. Umeandika kwamba hapo hakuna anayekula mikebuka. Papa alikula mikebuka kila asubuhi, hata akiwa na homa. Na Delphin anasema mara zote mbili ulimpokea mlangoni, Papa hakumwona.

Sidai nyumba wala kitu chake. Fomu ya tatu imo humu. Boti itakaa Kigoma siku mbili, Delphin atangoja jibu. Kama dole haliwezekani, nitatafuta njia nyingine ya kuvuka, lakini nijue kama ninakuja na kikapu cha samaki au na nguo za matanga.

Mimi Bibiane, mama yake, nakuuliza: Papa yuko hai?